Saa Tano ya Jioni

Kama ndiyo kwanza unanisoma, usiwe na wasiwasi. Mkosi wangu hauna mlango, unaweza kuuingilia popote.

Kwa kifupi, nilikuja ng'ambo kusomea shahada ya pili nikiwa na sanduku moja na imani kwamba dunia imejaa watu wema. Tangu nifike nimefukuzwa kazi ya kuosha vyombo, nimeibiwa koti lenye funguo mfukoni, na nimempenda msichana bila kumwambia. Msichana mwenyewe tunatoka mji mmoja. Huku anafundisha Kiswahili darasa la wageni ili chuo kimpunguzie ada, ndiyo maana sote tunamwita Mwalimu. Yeye ananiita Kesho, kwa sababu kila nikianguka nasema kesho itakuwa nzuri.

Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji, kituo cha mabasi, Jumamosi asubuhi, siku ya safari ya wanafunzi kwenda kuona mji wa kale. Sentensi ya kumwambia kwamba nampenda nilikuwa nimeikariri mpaka ninaiota. Kisha simu yangu ikaita, na aliyepiga alikuwa baba mdogo wa Mwalimu.

"Kijana wangu," alisema, sauti imekwaruza. "Kaka ametutoka alfajiri. Baba wa huyo mwenzako. Tafadhali usimwambie hapo njiani. Shangazi yake aliyeko huko huko ameshapanda treni, atawafikia jioni. Habari kama hii haipokewi na mtu mmoja. Wewe mtembeze tu, asikae na simu."

Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi.

"Wewe ni mtu mbaya!" alinipigia kelele kabla hajafika. "Umeniandikia basi linaondoka saa 8. Saa nane! Mimi nikajua ni baada ya chakula cha mchana, nikajilalia. Jirani asingenigongea mlango, mngeniacha!"

"Nilimaanisha saa nane ya..."

"Ya nani? Hii ni saa mbili asubuhi, ndugu yangu. Mwaka mmoja tu umekaa huku, tayari unasoma saa kama wenyeji. Mwaka wa pili utasahau jina la mama yako."

Nilijaribu kucheka, nikaishia kutazama matairi ya basi.

"Mbona umenuna? Nakutania, Kesho."

"Sijanuna. Nina usingizi."

Huo ukawa uongo wangu wa kwanza siku hiyo. Ulikuwa mdogo, na ulikuja na wenzake.

Ndani ya basi alikaa dirishani, akavaa viatu, akatoa simu.

"Umeona vituko? Nimeamka nimekuta nimetolewa kwenye kundi la familia. Hakika ni binamu yangu yule mwenye vidole kama ndizi, kabonyeza vibaya. Ngoja nimpigie nimchambe."

"Usipige!"

Nilisema haraka mno. Aligeuka kunitazama.

"Kwa nini?"

"Chaji. Utaihitaji kwa picha."

"Haya, bwana meneja wa chaji." Aliirudisha simu kwenye mkoba. "Lakini mchana lazima nimpigie baba. Jana daktari alisema kifua kinaendelea vizuri. Ameniahidi leo tutaongea, yeye mwenyewe, si kupitia kwa bibi. Unajua wiki nzima hii sijacheka? Leo nataka kucheka, Kesho. Nisaidie nicheke."

Nikasema nitamsaidia.

Baba yake nilimfahamu. Alikuwa kinyozi, duka lake lilitazamana na stendi, na kichwa chake kilikuwa kitupu kama yai. Watu walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Yeye alijibu kwamba nywele zake zilikuwa na heshima, ziliondoka zenyewe bila kumsumbua. Siku moja kabla ya safari yetu ya kuja huku alinikalisha kwenye kiti chake, akaninyoa taratibu, akakataa malipo. Mwalimu alikuwa nje anaaga mashoga zake.

"Huyu binti hana mama," aliniambia, wembe uko shingoni mwangu. "Huko mwendako, akilia usimwambie anyamaze. Watu wengi hukosea hapo. Kaa naye tu mpaka amalize."

Nilikubali, na si kwa sababu ya wembe.

Basi lilikuwa limeshatoka mjini ujumbe ulipoingia. Mwalimu alikuwa amesinzia, kichwa kinagonga kioo kila tukipita shimo. Nikausoma nikiwa nimeinamia miguu yangu kama mtu aliyedondosha shilingi.

Baba mdogo alikuwa amebadili shauri. Mzee aliacha neno mwili wake usilazwe, wala watu wasisumbuliwe kukesha. "Tunazika leo saa 5," aliandika. "Shangazi hatawahi. Kijana wa jirani atarusha mazishi moja kwa moja kwa simu, bonyeza hapa chini. Sasa wewe ndiye ndugu yake. Mkalishe, mweleze, aone baba yake akienda."

Huku na kwetu jua huchomoza pamoja, hatupishani hata saa moja. Nikatazama saa ya dereva, nikapiga hesabu, nikashusha pumzi. Saa 5. Siku nzima ilikuwa mbele yetu. Nikajiambia, acha acheke asubuhi hii, mchana ale, kisha alasiri nitamtafutia mahali patulivu nimwambie, tufungue simu pamoja. Baba yake alitaka akalie karibu na mtu. Nitakuwa karibu.

Nilijiona nimepanga vizuri. Nilijiona hata mwema.

Kituo cha kwanza kilikuwa ngome. Mwongozaji wetu, mama mnene mwenye mwavuli mwekundu, alitupandisha ngazi za mawe huku akitueleza vita ambavyo hakuna kati yetu aliyekuwa na pumzi ya kuvisikiliza. Mwalimu alikuwa amechangamka. Aliingiza kichwa kwenye tundu la mzinga akaita "Hodi!" na alipoona hakuna jibu akasema wenyewe wamehama.

Ndani ya ngome kulikuwa na jumba la makumbusho ya kazi za zamani. Kila chumba na fundi wake: mhunzi na mivukuto, fundi viatu na kalibu, mshona mahema. Chumba cha mwisho, Mwalimu alisimama ghafla, nikamgonga mgongoni.

"Kesho. Tazama."

Kilikuwa chumba cha kinyozi. Kiti cha mbao chenye egemeo la kichwa lililolika. Bakuli la shaba. Mkanda wa ngozi wa kunolea, unaning'inia ukutani, katikati umekuwa mweusi kwa kazi. Na wembe, chini ya kioo, umeota kutu.

Alitoa simu kabla sijapata sababu ya kumzuia. Akabonyeza kurekodi.

"Baba, shikamoo. Nimesimama dukani kwa mwenzako. Huyu alifungua kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na mpaka leo anasubiri mteja. Kiti chake kibovu kuliko chako, kwa hiyo ule wimbo wako wa kiti kipya naomba uishe. Ukiamka nijibu, mzee wa upara. Usipojibu nakuja mwenyewe."

Akatuma. Alisubiri kidogo akiitazama simu.

"Imefika," alisema, akatabasamu. "Bado hajaisikiliza, lakini imefika."

Juu yetu kengele ya mnara ikaanza kulia. Ililia kwa muda mrefu, watalii wakatazama saa zao. Mimi sikuihesabu. Nilikuwa natazama ule mkanda wa kunolea, nikiwaza nani sasa atakunja ule wa dukani kwa baba yake.

"Unalia?" Mwalimu aliniuliza.

"Vumbi."

"Vumbi la wafalme hilo. Lifute kwa adabu."

Mchana tulikula mikate tuliyobeba, kando ya mto, karibu na daraja la kale. Nilikuwa nimeketi nikipanga maneno. Mwalimu, baba yako. Hapana. Mwalimu, kuna habari. Hapana. Wakati nachagua, yeye alikuwa ameshapiga simu na kuweka sauti kubwa ili na mimi nisalimie.

"Bibi, shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea chini kwa chini, na vyombo vikigongana.

"Mbona kelele, mna wageni? Baba yuko wapi, mpe simu."

Nyuma yake vyombo vikaacha kugongana. Nilisahau kutafuna.

"Baba yako ameshapumzika, mjukuu wangu," bibi alisema. "Ameshapumzika. Na wewe kula. Usikae na njaa, unasikia?"

Mwalimu alitazama maji.

"Nasikia, bibi," alisema taratibu. "Basi mwacheni apumzike."

Akakata.

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimeshaweka mkate chini, mikono iko tayari. Lakini yeye alikunja karatasi ya mkate wake, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Amelala," aliniambia. "Mgonjwa akilala ni vizuri."

"Vizuri sana," nilisema.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani neno lile lenye sura mbili limemwonyesha ile nyepesi. Nilidhani bibi ameninunulia muda.

Tulipofika katikati ya daraja, mwongozaji aliinua mwavuli wake akatusimamisha. Alionyesha kibanda cha mawe pembeni. Zamani, alisema, hapa palikaa mlinzi. Kila msafiri aliulizwa kwanza analeta habari gani, na aliyeficha habari mbaya akavuka nayo kimyakimya, hakuruhusiwa kurudi tena mjini.

Mwalimu alicheka, kicheko kifupi.

"Sisi tungewatesa hawa walinzi. Wanafunzi wangu hili hawalielewi kabisa. Mtu unamuuliza habari, anasema nzuri, ila nyumba imeungua. Habari za huko? Salama tu, ila tumefiwa. Mbaya zote tunazificha nyuma ya ila."

Kisha akaingia kibandani, akasimama kama askari, akanizuia kwa mkono.

"Simama, msafiri. Habari gani?"

Wenzetu walikuwa wameshatutangulia. Macho yake hayakuwa yakicheka, lakini mimi niliyatazama kwa moyo wangu, na moyo wangu, wasomaji, ni mjinga. Niliona msichana ninayempenda, upepo unamchezea kitambaa, ananiuliza nina habari gani. Nikakumbuka sentensi yangu niliyoikariri. Nikawaza, hapana, leo siyo siku yake. Na ile habari nyingine nayo muda wake bado.

"Nzuri," nilisema.

Hakushusha mkono.

"Nzuri, ila?"

"Nzuri tu."

Alinitazama kwa muda, kisha mkono ukashuka wenyewe.

"Haya. Pita, msafiri."

Baada ya hapo alikuwa kimya. Niliupenda ule ukimya, nikaona amechoka kwa kutembea. Kwenye mtaa wa maduka ya kumbukumbu aliingia dukani peke yake, akatoka na kofia ya sufu, ya kahawia, ya kuvuta mpaka masikioni.

"Ya baba," alisema. "Upara wake unaona baridi."

Nilimshikia mkoba wakati anaikunja.

Uwanja wa mwisho ulikuwa chini ya mnara wa saa. Mwongozaji alitupa muda wa kupumzika kabla ya kurudi kwenye basi. Nikainua macho. Mkono mfupi wa saa ulikuwa umeipita tatu. Saa 5 bado, lakini haikuwa mbali. Nilijua sasa siwezi kukimbia tena.

Kulikuwa na benchi pembeni, chini ya ukuta, hakuna watu.

"Mwalimu," nilisema. "Njoo ukae."

Alikuja akakaa. Aliiweka kofia magotini.

"Nimekaa."

Nilifungua mdomo. Nikaitoa simu mfukoni.

"Kabla hujasema," alinikata, "niambie jambo moja. Wewe alikunyoa, kichwa chake umekiona karibu. Kofia hii itamtosha?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Mtoto mdogo angeuona.

"Itamtosha," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia akaumia hata hivyo.

"Kesho, mtu aliyepumzika havai kofia."

Niligeuka nimtazame vizuri.

"Unajua?" niliuliza.

"Mimi kazi yangu ni maneno. Bibi yangu akisema mtu amelala, anasema amelala. Hajawahi kusema mtu ameshapumzika halafu akaniambia nile." Alikuwa akivuta uzi wa kofia. "Na wewe ulijua tangu kituoni. Ulinizuia kupiga simu. Ulilia mbele ya wembe wenye kutu."

"Mwalimu, mbona hukusema?"

"Kusema mimi?" Sauti yake ikapasuka. "Mimi ndiye nikuambie wewe kwamba baba yangu amekufa? Nilikuwa nakusubiri! Nilitaka kulia mbele ya mtu aliyeniambia. Nilikuuliza darajani. Nilikupa mpaka ila, Kesho, wewe uimalizie tu. Ukasema nzuri tu. Nikasema labda hajapata nguvu, nikanunua kofia. Pesa yangu ya wiki nimeitoa, nikidhani ukiiona utashindwa kunidanganya. Ukasema itamtosha."

Alianza kulia. Hakulia kwa kelele. Alikunja mwili juu ya ile kofia kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

Sikumwambia anyamaze. Hilo angalau nililishika. Nilikaa naye. Lakini mzee hakuwahi kuniambia nifanye nini ikiwa anayemliza ni mimi.

Alipotulia kidogo alijifuta kwa mkono wa sweta.

"Wanazika lini?"

Na hapo, wasomaji, nilihisi nuru. Nilikuwa na kitu kimoja kizuri cha kumpa, na nilikuwa nimekibeba siku nzima.

"Leo," nilisema haraka. "Lakini hatujachelewa. Baba yako mdogo amepanga vizuri, kuna kijana anarusha mazishi moja kwa moja, tutaangalia pamoja. Nilitaka tuanze kwa utulivu. Ni saa tano, bado tuna muda."

Aliinua uso akatazama mnara.

"Saa tano?"

"Ndiyo. Saa tano ya jioni."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua.

"Kesho," alisema kwa sauti ndogo sana. "Kwa Kiswahili gani kuna saa tano ya jioni?"

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa.

Saa tano kwetu ni asubuhi, kabla ya adhuhuri. Au ni usiku. Hakuna nyingine. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ila mimi nilikuwa nimeiona tarakimu 5 kwenye kioo cha simu, nami nimekaa huku mwaka mzima nikisoma ratiba za mabasi, ratiba za mihadhara, saa za maktaba. Nikaisoma kama wenyeji.

Alininyang'anya simu. Aliupata ujumbe, akabonyeza pale chini. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maneno meupe: Matangazo haya yamekwisha.

Alibonyeza tena. Na tena.

"Yamekwisha," alisema. "Saa tano tulikuwa wapi?"

Sote wawili tulijua. Ile kengele sikuihesabu, lakini mtu akiiita kichwani anaweza kuihesabu hata baadaye.

"Nilikuwa nafanya mzaha," alisema. "Wanamfukia, mimi namwita mzee wa upara."

Simu ikaita mkononi mwake. Baba mdogo, simu ya picha. Nilinyoosha mkono niipokee, niseme mimi, nilaumiwe mimi. Aliusukuma mkono wangu. Alijifuta uso, akapokea.

Uso wa baba mdogo ulijaa kioo, macho mekundu, vumbi kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Pole. Nisamehe kwa kukutoa kwenye kundi, niliogopa usome peke yako." Alijifuta vumbi usoni. "Kijana alikuambia?"

Mwalimu hakunitazama.

"Aliniambia."

"Nilijua. Simu ya baba yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ilitetemeka wakati ule ule tunamshusha. Nikaona ni jina lako, ni sauti umetuma. Nikawaambia watu, anaona, huyo anamuaga baba yake. Watu walilia hapo, mwanangu! Sijaifungua. Ni maneno yako na yeye."

Mwalimu alifumba macho.

"Bibi yako hajatia kitu mdomoni tangu tumerudi," aliendelea. "Mchana alikuambia ule, yeye mwenyewe hali. Anauliza jambo moja tu, kama mjukuu wake alimwona mwanawe akizikwa. Nilimjibu ndiyo, hataki kusikia kwangu. Niko naye hapa. Mwambie mwenyewe."

Simu ikageuzwa. Bibi alikuwa amekaa mkekani, khanga kichwani, amejikunyata kama amepungua. Alisogea karibu na kioo, akakodoa.

"Ulimwona, mjukuu wangu?"

Nilimwona Mwalimu akipigana na nafsi yake. Yule ambaye dakika chache nyuma alinihukumu kwa neno moja la uongo, sasa alikuwa nalo kooni mwake.

"Nilimwona, bibi," alisema. "Nilimwona vizuri. Sasa na wewe kula."

Bibi alishusha pumzi. Mtu akampa kikombe, na tuliona akikipokea.

Mwalimu aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu simu iite. Sikuona hasira. Niliona uchovu, na nadhani aliona jinsi uongo wa huruma unavyoingia, unabisha hodi kwa adabu kabisa.

Ng'ambo ya uwanja mwavuli mwekundu ulikuwa unapunga. Watu walikuwa wanarudi kwenye basi.

Baba mdogo alirudi kwenye kioo. Safari hii alikuwa amejiweka sawa, na nyuma yake wazee walikuwa wamesogea, nyuso tatu nne zinachungulia.

"Basi vizuri, kama uliona na kusikia yote," alisema. "Maana yale maneno baba yako aliyoniachia, niliyoyasema pale juu ya kaburi, yale yanayokuhusu wewe na huyo kijana aliye karibu nawe, wazee wanataka jibu kabla hawajatawanyika. Hatukulazimishi, mwanangu. Lakini ndilo neno lake la mwisho. Unakubali, au hukubali?"

Mwalimu alinigeukia. Kofia ilikuwa imeanguka miguuni petu, hakuna aliyeiokota.

Maneno yale ya kaburini hakuyajua, wala mimi sikuyajua. Na akisema hakuyasikia, bibi, aliye pale na kikombe mdomoni, atajua hakuyaona mazishi.

"Mwanangu?" baba mdogo aliita. "Unanisikia?"